Kusafiri na mzazi kupitia kiwanja kidogo cha ndege: nifike saa ngapi, na mama apandeje ndege?

Muuliza swali

Ndugu zangu, naomba mwongozo kutoka kwa waliozoea viwanja vidogo vya ndege. Safari zangu zote hadi sasa zimekuwa za viwanja vikubwa, ambako kila kona ina kibao, kila ukuta una skrini ya ratiba, na anayepotea hupata dawati la maelezo kabla hajatembea sana. Safari hii tutaanzia kiwanja kidogo kilicho mbali na mji mkuu, chenye jengo moja la abiria na ndege chache kwa siku, kisha tutashuka kiwanja kikuu na kuunganisha ndege nyingine inayokwenda nje ya nchi. Ndege ya kwanza ni ATR 72, yaani ya pangaboi, na safari zote mbili zimo ndani ya tiketi moja.

Nitakuwa na mama yangu. Anatembea kwa mkongojo, hawezi kusimama kwenye foleni kwa muda mrefu, na ngazi humtesa kwa sababu ya goti la kulia. Akili yake ni timamu kabisa na hapendi kubebwabebwa wala kusemewa mbele ya watu, kwa hiyo nataka kujua mapema kitakachotokea ili nimweleze, naye aamue mwenyewe anachokubali.

Ninayotaka kuyajua ni haya. Tufike muda gani kabla ya ndege kuondoka? Ndani ya jengo mambo hufuatana vipi, na nitajuaje kwamba wakati wa kupanda umefika ikiwa hakuna skrini? Je, ni kweli kwamba begi la mkononi huchukuliwa pale chini ya ndege? Na muhimu kuliko yote, mama atapandaje ikiwa hakuna daraja la kuunganisha jengo na ndege? Nitashukuru kwa jibu la kina.

Mhudumu wa zamani wa kaunta

Ndugu muuliza swali, nilifanya kazi ya kupokea abiria katika kiwanja cha aina hiyo kwa miaka kadhaa, na jambo la kwanza ninalotaka ulishike ni kwamba katika jengo dogo huwezi kupotea njia, lakini unaweza kumkosa mhudumu. Yule anayepima begi lako kaunta ndiye atakayesimama mlangoni kukagua pasi za kupandia ndege, na mara nyingi huyo huyo ndiye atakayevaa reflekta na kutoka nje kuipokea ndege inapotua. Akishaondoka kaunta, kaunta hiyo imefungwa kwa maana halisi, hata kama unamwona kupitia kioo akiwa hatua chache kutoka ulipo. Katika kiwanja kikubwa anayechelewa huhamishiwa dirisha jingine au kwa msimamizi wa zamu. Hapa dirisha ni hilo hilo, na msimamizi wa zamu yuko nje anahesabu mizigo.

Mashirika mengi hufunga kaunta kati ya dakika 30 na 60 kabla ya ndege kuondoka, na kila shirika lina muda wake ulioandikwa kwenye tiketi. Abiria wengi huona muda huo kama ukali wa mtu aliye mbele yao, kwa kuwa hawaoni kinachofanyika baada ya hapo. Idadi ya abiria na uzito wa mizigo hupelekwa kwa anayeandaa karatasi ya uzito wa ndege na jinsi uzito huo ulivyogawanywa, ambayo rubani lazima aikubali kabla ya kuondoka. ATR 72 ikiwa imejaa huruka na uzito wa takriban tani 23, kwa hiyo mabegi kumi yaliyowekwa mahali pasipofaa yana maana kubwa kuliko ambavyo yangekuwa nayo kwenye ndege kubwa. Sehemu kubwa ya mizigo hukaa mbele, kati ya marubani na abiria, na abiria huingilia mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Ndiyo maana ndege isipojaa mhudumu anaweza kuwaomba watu wabadilishe viti, na ndiyo maana hamtakiwi kuhama viti wenyewe kwa kuwa tu mmeona nafasi iko wazi. Kwenye ndege ndogo zaidi, kama Cessna Caravan au Twin Otter yenye viti 19, msishangae mkiambiwa mpande mizani ninyi wenyewe pamoja na mikoba yenu. Mpimaji hana nia ya kumfedhehesha mtu, na mkimwomba asome uzito bila kuutaja kwa sauti atawasikiliza.

Kuhusu mfuatano wa mambo, jengo lote utalimaliza kwa mtazamo mmoja. Kuna mlango wa kuingilia, ambako baadhi ya viwanja hupitisha mizigo yote kwenye mashine ya eksirei hapo hapo, kisha kaunta na mizani yake, kisha ukaguzi wa usalama, kisha chumba cha kusubiria chenye mlango mmoja au miwili inayotokea kwenye maegesho ya ndege. Linalowachanganya wageni ni kwamba ukaguzi wa usalama haufunguliwi siku nzima. Wakaguzi huanza kazi ndege inapokaribia, hivyo unaweza kumaliza kaunta na kukuta kamba imefungwa na hakuna mtu. Kaeni mtulie, mkitazama upande ule.

Kabla hamjavuka ukaguzi, malizeni mahitaji yenu yote. Chumba cha kusubiria cha kiwanja kidogo kinaweza kuwa na viti na mlango tu, bila choo wala maji, na kurudi nyuma maana yake ni kukaguliwa upya na wakaguzi wale wale ambao tayari wana foleni. Kwa mzazi anayetembea kwa shida, kuvuka mara moja kunatosha.

Kuhusu kujua kwamba wakati wa kupanda umefika, sikilizeni sauti ya mtu. Viwanja vingi vidogo vina kipaza sauti, lakini si vyote, na vilivyo nacho huzidiwa na mngurumo wa ndege iliyo nje. Mhudumu hufungua mlango na kuita jina la mji mnaokwenda. Ndege mbili zikikaribiana, abiria wote hutokea mlango huo huo na kuelekea kwenye ndege mbili zinazofanana rangi hadi mkiani. Hapo ndipo abiria anapoweza kupanda ndege isiyo yake, kwa kuwa amefuata mgongo wa aliye mbele. Soma namba ya ndege kwenye pasi yako, kisha mtajie aliyesimama chini ya ngazi jina la mji unaokwenda kabla hujaweka mguu. Anatarajia kuulizwa.

Kwa hesabu yangu, fikeni saa mbili kabla.

Msafiri wa kila mwezi

Namheshimu mchangiaji aliyetangulia, na mengi aliyoyasema ninayaona kila ninaposafiri, lakini kuhusu saa mbili sikubaliani naye, hasa kwa mtu aliye na mzazi mwenye goti bovu. Kiwanja kidogo chenye ndege chache kinaweza kuwa kimefungwa kabisa kati ya ndege moja na nyingine. Nimewahi kuwakuta watu wazima wamesimama nje chini ya ukingo wa paa, mizigo miguuni, wakisubiri mlinzi afungue mlango, kwa sababu tu walifuata ushauri unaofaa viwanja vikubwa. Mama wa mtu hapaswi kusimama hivyo. Piga simu siku moja kabla uulize jengo hufunguliwa saa ngapi kwa ajili ya ndege yenu na kaunta hufunguliwa saa ngapi, kisha fikeni dakika chache kabla kaunta haijafunguliwa, ili muwe wa kwanza mbele ya mizani. Mara nyingi hiyo itakuwa saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Kuwa wa kwanza kuna faida kuliko kuwahi bila mpango, kwa sababu mhudumu ambaye bado hana foleni ana nafasi ya kushughulikia kiti cha mama na kuuliza mnachohitaji.

Nikuongezee jambo ambalo hukuliuliza, ambalo kwangu ni zito kuliko begi la mkononi, nalo ni saa ya ndege yenyewe. Viwanja vingi vidogo havina taa za njia ya kurukia ndege, na hivyo ndege hutua na kuruka mchana tu. Vingine vina taa lakini havina mitambo ya kumwongoza rubani kutua mawingu yakiwa chini au ukungu ukiwa mzito. Tena kikosi cha zimamoto kinatakiwa kiwe zamu kulingana na ukubwa wa ndege inayotua, na mnara wa kuongozea ndege nao una saa zake za kufunga. Kwa hiyo ndege ya mwisho ya alasiri ikichelewa kule ilikotoka, kuna saa ambayo ikipita, ndege hiyo haiji tena siku hiyo, na abiria wote wanaambiwa kesho. Hakuna ndege ya akiba, na hakuna shirika la pili la kukimbilia.

Ikiwa tiketi bado inaweza kubadilishwa, chagueni ndege ya asubuhi, hasa kama ndege yenyewe hulala kwenye kiwanja hicho usiku, kwa sababu mnayoisubiri tayari iko mbele ya macho yenu. Kama eneo hilo lina ukungu wa alfajiri, ndege ya pili ya asubuhi ni bora kuliko ya kwanza. Na kati ya kutua kiwanja kikuu na kuondoka kwa ndege ya nje, acheni saa za kutosha. Muda mfupi kabisa ambao mfumo wa tiketi unauruhusu umehesabiwa kwa abiria anayetembea upesi, naye mama yako hawezi kutembea hivyo.

Kwa kuwa safari yenu iko kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa mkaikosa ya pili, shirika lina wajibu wa kuwatafutia nafasi nyingine. Wale wenye tiketi mbili zilizokatwa kando kando hawana kinga hiyo, na ninawasihi wanaosoma hapa wasijaribu kuokoa fedha kwa njia hiyo wanaposafiri na mgonjwa au mzee.

Muuliza swali

Nawashukuru wote wawili. Nimeangalia tiketi, inaweza kubadilishwa, na nitaihamishia asubuhi. Bado hamjanigusia ngazi. Mama amesikia kwamba watu hubebwa juu kwa juu na anasema kwamba kama ni hivyo haendi. Mwenye uzoefu wa kumsafirisha mzazi anieleze kwa uwazi, hata kama jibu si zuri.

Mwenye kumlea baba

Dada au kaka, mpe pole mama, na umwambie kwamba hofu yake ina msingi lakini ina dawa, na dawa hiyo inaanza kabla ya siku ya safari.

Piga simu kwa shirika la ndege sasa, uombe msaada wa kiti cha magurudumu uingizwe kwenye tiketi. Mashirika mengi hutaka taarifa hiyo saa 48 kabla. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muda huo umeandikwa ndani ya kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, na kwingineko mashirika mengi hufuata muda kama huo. Usiridhike na neno "kiti cha magurudumu" peke yake, kwa sababu kuna aina tatu za maombi zinazoandikwa kwa herufi, na kiwanja huandaa watu na vifaa kufuatana na herufi hizo. WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege lakini hawezi umbali wa jengo. WCHS hawezi ngazi, ila ndani ya ndege hujikokota hadi kitini. WCHC hawezi kutembea kabisa. Kwa jinsi ulivyomweleza mama, wake ni WCHS, hata kama siku za nafuu anapanda ngazi za nyumbani. Wengi huchagua WCHR kwa kuona haya au kwa kutotaka kusumbua, halafu wanafika chini ya ndege na kukuta kiti kimewafikisha kwenye ngazi tu, na hakuna aliyejiandaa kwa zaidi. Mwombe aliyepokea simu akusomee kilichoandikwa, na akutumie uthibitisho.

Sasa ngazi zenyewe. ATR 72 ni ndege fupi kutoka ardhini, na ngazi zake zimo kwenye mlango wenyewe: mlango unapofunguka kwenda chini, upande wa ndani unageuka kuwa ngazi. Vidato vyake ni vichache sana ukilinganisha na ngazi zinazosukumwa hadi kwenye ndege kubwa, na kuna vishikio pande zote mbili. Mzee mwenye goti moja bovu anaweza kuzipanda polepole, akitanguliza mguu mzima na kuufuatisha ule mbovu, na akishuka afanye kinyume chake, huku mtu akiwa kidato kimoja chini yake. Baba yangu hupenda kuzipanda mwenyewe akiwa na siku nzuri, nasi humngoja bila kumharakisha. Mlango si mrefu, kwa hiyo mkumbushe mama kuinamisha kichwa.

Asipoweza, kuna njia nyingine tatu, na kiwanja kinaweza kuwa na mojawapo au kisiwe nayo. Baadhi ya viwanja vina njia ya mteremko inayosukumwa hadi mlangoni, ambayo kiti hupita juu yake. Vingine vina gari lenye chumba kinachoinuliwa hadi usawa wa mlango. Pasipo na hivyo viwili, hutumika kiti chembamba chenye mikanda, ambacho wahudumu wawili hukibeba juu ya ngazi, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nadhani hiki ndicho mama alichokisikia. Uliza kwenye simu ni kipi kati ya hivi kipo katika kiwanja chenu, ili mama ajue jibu akiwa nyumbani.

Ikibidi kiti hicho chembamba, yako mambo ya kuwaambia wahudumu kabla hawajamgusa. Waambie upande upi una maumivu, na kwamba asishikwe chini ya kwapa wala kuvutwa mkono. Mwombe mama mwenyewe aseme lini wainue. Baba yangu alikuwa akikataa kabisa kubebwa, na kilichobadilisha mambo ni pale mhudumu mmoja alipochuchumaa mbele yake, akamtazama usoni na kumwuliza yeye, bila kuniuliza mimi, kama yuko tayari. Kama wahudumu wanakuuliza wewe mambo ya mama, wajibu kwa kumgeukia mama. Watafuata.

Omba kiti cha njiani katika safu za nyuma za ATR, kwa sababu mlango uko nyuma na choo kiko nyuma vile vile; akikaa mbele atatembea urefu wote wa ndege katika njia nyembamba. Viti vilivyo kando ya milango ya dharura hataruhusiwa, na ni haki. Ikiwa shirika litabadilisha ndege na kuleta Dash 8-400, uliza upya, maana mara nyingi abiria huingilia mbele.

Mkongojo utapita kwenye eksirei na atarudishiwa. Wakati wa kuruka na kutua mhudumu atauweka mahali salama. Katika ukaguzi, mama ana haki ya kuomba akaguliwe akiwa amekaa. Abiria wa viti hupandishwa kwanza, kwa hiyo kaeni karibu na mlango hata kama chumba kina viti vizuri zaidi upande wa pili.

Mshughulikiaji wa mizigo

Nami nichangie upande wa mabegi, maana swali lako kuhusu begi la mkononi halijajibiwa. Ni kweli huchukuliwa. Makabati ya juu ndani ya ndege za aina hiyo ni madogo, na begi lenye magurudumu ambalo hukubaliwa bila swali kwenye ndege kubwa mara nyingi haliingii. Chini ya ndege kuna toroli, mhudumu atafunga kilebo kwenye begi na kukupa kipande chake, na begi litakwenda kwenye sehemu ya mizigo. Hapo muulize swali moja: nitalipokea chini ya ngazi tukitua, au nitalikuta kwenye mkanda, au linakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa safari? Majibu haya matatu hutokea yote, na begi lililokwenda hadi mwisho wa safari likiwa na dawa za mama za mchana ni tatizo kubwa.

Kwa hiyo jiandae kana kwamba litachukuliwa. Weka dawa, pasipoti, karatasi za hospitali, miwani, simu na chaja ndani ya mkoba mdogo unaokaa chini ya kiti. Betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kabisa kwenye sehemu ya mizigo, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto mahali ambapo hakuna mtu wa kuiona, moto huo ni mgumu kuudhibiti. Unapopokonywa begi chini ya ndege, zitoe kabla hujalikabidhi, hata kama wanakuharakisha. Kipimo cha kawaida ni saa-wati (Wh, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi) 100 bila kibali; kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika. Ukitaka kujua yako, zidisha uwezo wake wa mAh kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni saa-wati 74, hivyo inaruhusiwa.

Kuhusu vimiminika, usidanganywe na ulegevu wa kiwanja cha kwanza. Katika safari za ndani ukaguzi unaweza kukuachia chupa ya maji au ya mafuta, lakini mkipita ukaguzi wa kiwanja kikuu kwa ajili ya ndege ya nje, kanuni iliyoanza mwaka 2006 ya vyombo visivyozidi mililita 100 ndani ya mfuko wa wazi wa lita moja inaweza kutumika, na chupa hiyo itabaki hapo. Dawa za maji anazozihitaji mama safarini huruhusiwa zaidi ya kiasi hicho, ila zitoe uzionyeshe mwenyewe, zikiwa kwenye chupa zake zenye jina.

Mzigo mkubwa unaopimwa kaunta usiondoke machoni pako mpaka umesoma kilebo chake. Herufi tatu kubwa zilizoandikwa ni za kiwanja ambako mzigo utaishia, na kwa tiketi moja zinapaswa kuwa za mji wa mwisho. Zikiwa za kiwanja kikuu, uliza pale pale. Huenda sheria ya nchi inataka mwuchukue na kuukabidhi upya, au huenda mhudumu amebonyeza safari ya kwanza tu. Kipande unachopewa kina namba ya tarakimu kumi. Kipige picha. Mfumo wa kaunta ndogo ukishindwa kutoa pasi ya ndege ya pili, msiogope, mtaipata kwenye dawati la abiria wanaounganisha safari, lakini pasipoti zenu zionyesheni hapo hapo mwanzoni, kwa sababu dosari ya viza ni nafuu ikigundulika nyumbani.

Mzigo usipofika, au ukifika umevunjika, msitoke nje ya eneo la kupokelea mizigo kabla hamjajaza fomu ya taarifa, ile inayoitwa PIR, na kupewa namba yake. Kwa safari za kimataifa zinazosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Kwa kuwa tiketi yenu ni moja, hata kipande cha ndani cha safari kinahesabiwa kuwa sehemu ya safari hiyo ya kimataifa.

Mhudumu wa zamani wa kaunta

Nimesoma hoja ya kufika saa moja na nusu kabla na ninaikubali, kwa sharti kwamba simu imepigwa kweli na mtu wa kiwanja hicho ndiye aliyejibu.

Naomba niongeze jambo kuhusu zile hatua kati ya mlango na ndege, ambazo wageni huzichukulia kama matembezi. Mnapotoka nje fuateni mistari iliyochorwa au mhudumu anayewaongoza, msikatize hata kama ndege iko karibu, na msisimame kupiga picha. Mtasikia injini ikinguruma wakati mnapanda, na mama anaweza kuogopa. ATR haina injini ndogo ya ziada ya kuipa umeme ikiwa imeegeshwa, kwa hiyo injini ya kulia huweza kuachwa ikiwaka huku pangaboi lake limezuiwa kwa breki. Ninyi mnapanda upande wa kushoto, ambako kumetulia. Hata hivyo pangaboi lolote, liwe limesimama au linazunguka, msilisogelee. Upepo wa hapo nje ni mkali, kwa hiyo mama afunge mtandio wake vizuri na wewe ushike pasi zote mbili mkononi.

Muuliza swali

Nimepiga simu. Wameandika WCHS na kunisomea, wana njia ya mteremko, na mama amekubali. Limebaki moja tu: tukishatua kiwanja kikuu, nani anampokea, na itakuwaje ikiwa tutachelewa?

Mwenye kumlea baba

Nimefurahi sana kusikia hivyo. Mkitua, bakini kwenye viti mpaka wengine wote washuke, hata kama mko nyuma karibu na mlango na watu wanawaambia tangulieni. Kabla mama hajasimama, mwulize mhudumu wa ndege kama kiti kimeshafika chini. Kama hakijafika, mama asubiri ndani, kwa sababu akishashuka na ngazi zikafungwa atasubiri akiwa amesimama kwenye upepo. Ndege ikichelewa kuondoka kule mwanzo, mwambie mhudumu mkiwa bado angani kwamba mnaunganisha safari na mna kiti; marubani wanaweza kutuma taarifa mapema.

Atakayesukuma kiti huenda ana abiria wengine wawili wa kuwafuata, na karatasi yake haionyeshi kila mara kwamba mna ndege nyingine. Mtajie namba ya ndege ya pili, saa inayoondoka na lango kama mnalijua, na umwulize kama yeye ndiye atakayewafikisha hadi langoni au atawakabidhi kwa mwenzake njiani. Akiwakabidhi, rudia maelezo hayo hayo kwa huyo wa pili.

Mpitie chooni kabla ya ukaguzi wa pili, maana kutoka hapo hadi langoni anayesukuma hatapenda kusimama. Mkifika langoni, mwoneshe mhudumu wa lango kwamba mama ni abiria wa kiti, kisha hakikisha mama amekaa mahali anapomwona mhudumu huyo, naye mhudumu anamwona.